Mkwe Niliyemjua kwa Viatu

Wasomaji, tulipoachana nilikuwa nimesimama uani kwangu hapa Kamenu, ufagio mkononi, na binti yangu Wamboi amekalia ndoo iliyopinduliwa, akisema haolewi tena.

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungiwa sukari, nakueleza upesi. Mimi ni mjane. Mume wangu alilala katika Bwana wakati Wamboi hajaota meno ya pili. Nimemlea kwa kushona mashati ya shule na kwa maombi. Mchumba wake wa kwanza alikuwa seremala wa Witeithie. Alitengeneza kitanda cha arusi, kisha akakilalia na mwingine. Wa pili, Waweru, alikwenda Nakuru kutafuta mbuzi wa mahari, tukampoteza yeye pamoja na mbuzi. Wa tatu ni Bedan Kagwe wa Ruiru, karani katika shamba la kahawa. Huyu nilimhesabu kuwa ametumwa na Bwana mwenyewe, maana alikuja bila kutafutwa.

Sasa na wa tatu alikuwa anaponyoka. Kwa sababu gani? Picha!

Mama yake Bedan anaitwa Wakonyo. Wengine Ruiru wana ng'ombe, wengine wana duka. Wakonyo ana ukuta. Ukuta wa sebule yake umepakwa chokaa, na hapo amewatundika wake za wanawe, kila mmoja ndani ya fremu. Na sheria yake ni moja. "Msichana ambaye hajaingia ukutani kwangu," husema, "hajaingia nyumbani kwangu."

Kwa hiyo picha ya uchumba ilitakiwa ifike Ruiru kabla ya Jumapili, ndipo majina yasomwe kanisani. Bila picha, hakuna kusomwa. Na bila kusomwa, wasomaji wangu, Wamboi angerudi kuwa wimbo wa wanawake wa Kamenu, ambao tayari walikuwa wameanza kuniuliza kama nitamfundisha kushona.

"Si tuende tu kwa Omondi?" nilimwambia.

Omondi ni mpiga picha, mtu wa Nyanza, ana studio hapa Thika karibu na soko. Ndani ana pazia lililochorwa mlima wenye theluji, na chini ya mlima maua makubwa kama sufuria.

"Maitu," Wamboi akanijibu, "wake wote wawili wa Ruiru wamesimama mbele ya pazia hilo. Nikienda mimi tutakuwa watatu, mlima mmoja, maua yale yale. Mgeni akiingia atadhani ni mtu mmoja anabadilisha kilemba."

"Basi ataona umoja wa familia."

"Nataka mlima wa kweli. Tupige picha Kilimambogo. Mvua imekwisha, na watu wa mkonge wanasema kule juu maua yamejaa mpaka huoni pa kukanyaga."

"Na mbogo je?"

"Mbogo ni jina tu, maitu."

Likumbukeni neno hilo.

Basi nikaweka ufagio chini nikaenda kwa chifu, maana siku hizi Mkikuyu haondoki hata kwenda arusini bila karatasi. Nilimkuta anaandika.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Mlimani."

Kalamu ikasimama. Askari aliyekuwa amekaa mlangoni naye akasimama.

"Mlimani kufanya nini?"

"Kupiga picha na maua."

Chifu akaiweka kalamu chini. "Mama, sisi miaka yote hii tunawatoa watu mlimani. Wewe unawapeleka?"

"Ni wachumba, Chifu. Na mimi nitakuwa pale katikati yao."

"Ukiwa wewe katikati," akasema huku akipiga muhuri, "hapatatokea kitu."

Hapo alikosea.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wageni wa kwetu hawalijui. Sisi, mama na mume wa bintiye hawatazamani usoni. Mkwe akiniona njiani hupisha kando, nami navuta leso mbele ya macho na kutazama chini. Si chuki, ni heshima, na hata nilipookoka sikuiacha. Ndiyo maana tangu Bedan aanze kuja kwangu sikuwa nimeuona uso wake hata mara moja. Nilimjua kwa viatu.

Na viatu vyenyewe! Vya rangi mbili, kahawia na nyeupe, vimesuguliwa mpaka vinachekeana na taa. Vikiingia mlangoni, najua mkwe ameingia. Vikitoka, nami natoka jikoni. Maneno yetu yote humpitia Wamboi.

"Mwambie mgeni chai iko tayari."

"Mwambie mama asante."

Na sote tumo katika chumba kimoja ambacho paka akijinyoosha anagusa kuta mbili.

Sasa fikirini shida yangu. Vijana hawa hawangeweza kwenda mlimani peke yao. Watu wa kanisa wangenimaliza. Lazima niende nikawalinde. Lakini siruhusiwi kumtazama kijana. Nilikuwa askari aliyekatazwa kuangalia anachokilinda.

Siku ya Alhamisi tulipanda lori la mkonge alfajiri, mimi mbele na dereva, wao nyuma. Omondi alikuwa na kamera yake ya miguu mitatu, kitambaa cheusi, na gambuti miguuni, moja ikiwa na kiraka cha mpira wa baiskeli. Nilikiona kiraka hicho tulipokuwa tunapanda, nikakiweka akilini. Mtu anayetazama chini maisha yake yote huona mengi huko chini.

Tuliposhuka nikatangulia mbele, ndiyo adabu, niwaachie njia bila kukutana macho. Mbele yangu umande, nyuma yangu miguu yao. Tulipovuka kijito kidogo chenye matope nikasikia kishindo, kisha kicheko kikubwa, kisha Omondi akisema, "Toa! Toa haraka kabla haijaharibika!"

Sikugeuka. Ningegeuka, wiki hii ningekuwa nawaandikia habari za arusi.

Juu, Wamboi alikuwa amesema kweli. Maua ya manjano yalikuwa yamefika magotini, na mengine mekundu yamechomoza katikati kama makaa. Nilijitafutia mahali nyuma ya kichaka, nikawapa mgongo wote watatu, uso wangu ukaelekea kule chini Thika inakotoa moshi. Nikaanza kulinda kwa masikio.

"Omondi! Wamesimama?"

"Wamesimama, mama."

"Umbali gani?"

"Karibu kidogo."

"Karibu namna gani?"

"Namna ya watu wanaopendana, mama."

"Weka kitabu katikati!" Nilitoa kitabu changu cha nyimbo kikapuni nikakirusha nyuma bila kugeuka. Kilimpata mtu. Sikuuliza nani.

"Maitu!" Wamboi akalia. "Picha gani hii ya watu na kitabu katikati?"

"Picha ya Wakristo. Omondi, nafasi iko sasa?"

"Iko, mama. Hata ng'ombe inaweza kupita hapo."

"Piga basi."

Nikasikia kitambaa kikitikiswa, nikasikia mlio wa kamera. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Wamboi akasema anataka moja ameshika maua, nami nikasema ashike maua tu, asishike kingine. Bedan hakusema neno. Sauti ya mkwe mbele ya mama ni kama ya panya ghalani. Unajua yupo, lakini hutegemei akusalimie.

Ndipo kichaka kikavunjika. Si kutikisika, kuvunjika. Kitu kikubwa kikapumua kwa nguvu huko ndani, na pembe mbili zikatokeza juu ya majani.

"Yawa!" Omondi akapiga kelele. "Mbogo!"

Wasomaji, nimekuwa mama wa kanisa miaka mingi, natembea polepole, naketi polepole. Siku hiyo nilikimbia. Leso ilishuka ikanifunika macho, nikawa nakimbia gizani mchana kweupe. Mkono ukanishika, ukanivuta, nikajikuta nimekumbatia mti, na mkono ule ule ukanipandisha juu tawi kwa tawi, mpaka nikakaa mahali ambapo umri wangu na sketi yangu havikustahili kufika.

Niliposawazisha leso kidogo, nikaona mbele ya pua yangu gambuti. Yenye kiraka cha mpira wa baiskeli.

"Omondi," nikasema, "kumbe ni wewe. Bwana akubariki. Ulikuja kupiga picha, sasa utazikwa na mimi."

Kimya.

"Wamboi yuko salama?"

Gambuti ikaelekeza upande wa maua, kama mtu anayesema ndiyo kwa mguu. Nikachungulia kupitia majani, nikamwona binti yangu kule mbali amesimama wima. Nikadhani ameganda kwa hofu.

"Usiogope, baba," nikamwambia Omondi. "Tuombe."

Mti mzima ukawa unatetemeka, na haukuwa upepo.

Sasa sisi tuliookoka tumefundishwa kitu kimoja. Ukiona mauti yako mlangoni, usiende na mzigo moyoni. Utoe wote nuruni, mbele ya ndugu. Omondi hakuwa ndugu, kwao wanasali kanisa jingine, lakini juu ya mti huo sikuwa na ndugu mwingine wa kuchagua. Nikavuta leso usoni, nikaanza kutubu.

"Omondi, nisikie. Kwanza ni chai ya Mama Bedan. Nimeinywa nikasema ni tamu. Nilidanganya. Ile si chai. Ni maji yaliyosalimiwa na majani kwa mbali, yakaitikia, yakaenda zao."

Gambuti ikasogea.

"Najua, hata wewe unashangaa. Pili ni ukuta wake. Nauonea uchungu ukuta ule. Nadhani anapenda picha za wake za wanawe kuliko wenyewe, kwa sababu picha haziombi chakula. Bwana anisamehe."

Gambuti ikatulia.

"Tatu ni kijana. Sina neno baya juu yake, ana heshima, anasema asante. Lakini viatu vile, Omondi! Mwanamume wa viatu safi namna ile, nani alishamwona na jembe? Nauliza tu. Nimemkabidhi Bwana."

Hapo ningenyamaza, ningekuwa na afadhali. Lakini chini kichaka kilivunjika tena, nami nikaona wakati umefika wa kutoa ule mzigo mkubwa, ambao hata ninyi wasomaji sikuwa nimewaambia.

"Ya mwisho, Omondi, nayo ife na wewe. Waweru amerudi."

Juu yangu mtu akaacha kupumua.

"Yule wa mbuzi. Alikuja juzi jioni, amefunga mbuzi mmoja kwa kamba, amekonda yeye, amekonda mbuzi. Akasimama uani akaita. Nikamwambia Wamboi asitoke, naye hakutoka, ni mtoto mtiifu. Lakini mimi ni mama, Omondi. Nilimsikia kule ndani anachana nywele."

Nilipomaliza nikajisikia mwepesi kama pamba. Nikawa tayari kwa mbogo.

"Mama!" sauti ikaita kutoka chini, mbali kidogo. "Mama Wamboi! Teremka! Si mbogo! Ni ng'ombe ya mzungu imepotea!"

Ilikuwa sauti ya Omondi.

Wasomaji, kuna baridi ya mlimani na kuna baridi nyingine. Nilishika tawi kwa mikono miwili. Nikainua leso. Nikaanza na gambuti. Juu ya gambuti, suruali iliyopigwa pasi mpaka ina mstari. Juu ya suruali, koti. Juu ya koti, tai. Na juu ya tai, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja kwangu, uso wa mkwe wangu.

Sikujua ana mwanya. Alikuwa kijana mzuri, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Akafumbua mdomo. Kwa mazoea akatafuta wa kumpitishia maneno, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mtu. Basi akaliambia tawi.

"Mwambie mama," akasema kwa sauti ndogo, "nilitaka kukohoa."

Nami nikaliambia tawi lile lile, "Mwambie mgeni, angekohoa."

"Tulia hapo hapo!" Omondi akaita. Nikatazama chini. Nikaviona viatu vya mkwe wangu, kahawia na nyeupe, na ndani yake Omondi, amefungua miguu ya kamera, kitambaa cheusi kichwani. Kamera ikalia.

"Omondi! Umefanya nini?"

"Nimepiga, mama! Miaka yangu yote katika kazi hii, sijapata kuona mama mkwe na kijana wake ndani ya mti moja. Hii ndiyo picha!"

Ndipo nikaelewa kicheko cha kule kijitoni. Bedan alikuwa amezama matopeni, akihofia viatu vyake kabla ya picha. Omondi akamwazima gambuti, akisema nyasi zitaficha miguu, naye mwenyewe, badala ya kwenda pekupeku, akavaa vile viatu bila hata haya.

Nilishuka. Sitaeleza namna nilivyoshuka.

Wamboi tulimkuta amejaza mikono maua, hana hata jasho.

"Mimi niliona ni ng'ombe," akasema. "Niliwaita. Mlikuwa mnakimbia kwa kelele." Kisha akatutazama, mimi natazama mashariki, Bedan anatazama magharibi. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema.

Kando yake ng'ombe wa mzungu, mpole kama mzee wa kanisa, alikuwa anatafuna kitabu changu cha nyimbo. Alishapita sifa na maombi, alikuwa karibu na zile za mazishi.

Na wakati huo Omondi akatoa ukelele mwingine. Alipokimbia, sanduku lake lilikuwa limeanguka likafunguka, na filamu zote alizopiga zikaliwa na jua. Wachumba kati ya maua, na kitabu, na bila kitabu, zote zimekufa. Iliyopona ni ile iliyokuwa ndani ya kamera.

Ile ya mti.

"Basi itupe," nikamwambia.

"Mama, picha haikuagizwa na wewe. Iliagizwa na Mama Bedan. Mimi napeleka kazi kwa aliyeniagiza."

Kurudi, tulipofika barabarani kungoja lori, Wamboi alinisogelea akaninong'oneza.

"Maitu, mbona Bedan ananiuliza kama nina kitana kizuri?"

Nilisema tumbo linaniuma. Haikuwa uongo.

Jioni ile nilipiga magoti hata nikasahau kupika. Wamboi akawa anazunguka nyumbani na maua yake. "Maitu, niyaweke wapi yasinyauke haraka? Nataka kuyatia kwenye fremu ya Ruiru."

"Weka popote panapofunika," nikamjibu bila kufumbua macho. Mtu aliye katika maombi asiulizwe mambo ya nyumba.

Ijumaa nilijitia nguvu. Jumamosi asubuhi nikaenda studio, nimeamua kumlilia Omondi, na akikataa nimnyang'anye. Nikamkuta mkewe Selpha anafagia.

"Ameondoka na baiskeli," Selpha akaniambia. "Ruiru. Lakini alikuwa anacheka sana, mama. Alianguka hapo kwenye kona akapanda tena."

Nikarudi Kamenu. Nikamwambia Wamboi atandike kitambaa mezani, kama mtu anayemtandikia maiti.

Alasiri hodi ikabishwa. Si hodi ya mgeni. Hodi ya mtu aliyekuja na jambo.

Wakonyo aliingia amevaa kilemba chake cha kanisani. Kwapani ana fremu. Mkononi ana chupa ya maziwa. Akakaa bila kuambiwa karibu, akaiweka fremu mezani, ikanitazama. Mimi juu ya mti, leso kichwani kama kiota, mkono wangu umeshika koti la mwanawe. Bedan ametoa macho. Kila kitu kimetoka wazi sana. Omondi anaijua kazi yake.

"Mama Wamboi, hujambo?"

"Sijambo, Mama Bedan. Bwana asifiwe."

"Asifiwe. Ukutani kwangu kuna nafasi moja." Akagonga fremu kwa kidole. "Nitundike hii? Mgeni akiniuliza mwanangu anamwoa nani, nimwonyeshe huyu wa juu ya mti?"

"Mama Bedan, palikuwa na mbogo."

"Nimesikia ni ng'ombe."

"Alikuwa mbogo kabla hajawa ng'ombe."

Hakucheka. Wamboi, aliyekuwa nyuma yake mlangoni, akafunika mdomo kwa mkono.

"Kijana wangu amerudi nyumbani kimya," Wakonyo akaendelea. "Chakula hali. Leo picha ilipofika nimemkalisha. Nimemwambia, Bedan, mlizungumza nini ndani ya mti huo? Akaniambia neno moja tu. Mengine ameyameza, yanamkaa hapa." Akajigusa koo. "Mimi mama yake naona yanavyomkaa."

"Neno gani?" nikauliza.

"Chai."

Wasomaji, mtasema mimi ni mtu mbaya, lakini nilimshukuru Mungu. Waweru hajatajwa. Kijana amemficha. Kwa chai tu naweza kupigana.

"Mama Bedan, mtu akiogopa husema..."

"Sikuja kugombana. Nimekuja kujifunza." Akasukuma chupa mbele. "Maziwa nimekuja nayo, usije ukayasingizia. Chemsha chai ya kwenu, mimi naangalia. Nikiinywa nikaona ni chai kweli, nitanyamaza, picha nyingine itapigwa siku nyingine, na kesho majina yanasomwa. Nikiona ni maji kama yangu, basi ulinitukana bure. Mwanangu anarudi nyumbani, na ukuta wangu unabaki na nafasi yake."

Nikaona nimeokoka mara ya pili. Chai! Mimi mjane sina ng'ombe, sina shamba, kwangu hakuna hata kuku, lakini chai yangu Kamenu yote inaijua. Naichemsha mpaka inasimama yenyewe.

"Karibu basi, mkwe," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na kiburi kidogo, Bwana aliniona. Nikapuliza makaa. Nikaweka sufuria. Wakonyo akageuza kiti chake kielekee jikoni, macho yake yakakaa juu ya mikono yangu kama nzi juu ya sukari.

Maji yakaanza kuimba. Nikanyoosha mkono rafuni, nikachukua mkebe wa majani, ule wenye mfuniko unaobana kuliko vyombo vyangu vyote.

Mlangoni Wamboi akatingisha kichwa.

Sikumwelewa. Akatingisha tena, macho yamemtoka, anaonyesha mkebe, anaonyesha uvunguni, anajishika mashavu.

"Unangoja nini?" Wakonyo akauliza. "Maji yanachemka."

Nikafungua.

Maua ya Kilimambogo. Ya manjano juu, mekundu chini, yameshindiliwa vizuri, yamefunikwa yasinyauke. Hapakuwa na jani moja la chai ndani yake; Wamboi alikuwa ameyahamishia uvunguni mwa kitanda.

Nikasimama na mkebe mkononi, nikiwa nimeuinamisha kifuani ili mgeni asione ndani. Maji yakatokota yakaanza kurukia makaa. Na nje uani, karibu kabisa na mlango, mbuzi akalia.

Alilia tena. Kisha mwanamume akakohoa, kama mtu anayerekebisha sauti kabla ya kubisha hodi.

Wamboi, nilimwona kwa pembe ya jicho, akapeleka mkono kwenye nywele.

"Mama Wamboi," Wakonyo akasema, bila kuondoa macho juu ya mikono yangu, "sikujua kama mnafuga mbuzi."

Hatufugi.